Kila Faili Lipigwe Pasi

Jamani, mimi si mtu wa kompyuta. Hata simu hii nikitaka kubadilisha mlio wake namwita jirani. Lakini habari hii nilisimuliwa na mtu aliyekuwa ndani ya ofisi yenyewe, na alipomaliza nilikuwa nimeshika kikombe cha chai iliyopoa. Soma taratibu, usirukeruke.

Katika hospitali moja kubwa ya nyanda za juu, jina nalihifadhi, kulikuwa na chumba cha watu watano wanaoandika programu. Mkubwa wao aliitwa Mzee Mwakibete. Ndiye aliyewafundisha wote kazi, na wote walimwita Mwalimu. Kati ya wanafunzi wake, aliyempenda kuliko wote ni binti mmoja, Tusekile.

Programu yao kubwa ilikuwa ya foleni ya upasuaji wa moyo. Madaktari bingwa wageni huja pale mara mbili kwa mwaka, na kila wakija wanapasua watu ishirini tu. Wagonjwa ni wengi, kwa hiyo programu ndiyo inayoamua nani anatangulia.

Lugha waliyotumia kuiandika, nimeelezwa, ni ya aina ambayo programu nzima ni kanuni juu ya kanuni. Unaipa kanuni ugonjwa wa mtu, umri wake na siku alizosubiri, nayo inakupa namba yake. Ukiipa vitu vile vile mara elfu, itakupa jibu lile lile mara elfu. Mwalimu alikuwa akiwaambia wageni, "Hii haina shemeji wala mjomba." Wageni wanapiga makofi.

Na mama yake Tusekile alikuwa kwenye foleni hiyo. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa, akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni anatweta. Namba yake ilikuwa ya nne. Madaktari walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu, na mama alishanunua vitenge viwili vya kuvaa wodini. Tusekile alikuwa na furaha mpaka anaimba ofisini.

Sasa, tatizo la chumba kile lilikuwa mwandiko. Kila mtu aliandika kivyake. Huyu anaacha nafasi mbili mwanzoni mwa mstari, yule nne. Gervas, kijana mmoja mbishi kweli, yeye alama ya mkato lazima ikae mwanzoni mwa mstari, si mwishoni, na ukimuuliza kwa nini atakuhutubia mpaka saa ya kula. Faili la mmoja likifunguliwa na mwingine ni kelele.

Daktari mkuu, mama mmoja anaitwa Dakta Ndelwa, akachoka. Akamwita Tusekile.

"Nimesikia kuna programu inayonyoosha maandishi ya programu nyingine, yote yakawa na sura moja."

"Ipo, Dakta."

"Iweke. Wewe ndiye utakayepanga masharti yake. Wakilalamika, walete kwangu."

Watu wa chumba kile wakaibatiza jina la Pasi, maana ikipita mahali hapabaki kunjo. Tusekile akakaa na faili lake la masharti. Nafasi za mwanzoni, mbili. Upana wa mstari, herufi themanini, ukizidi ukatwe ushuke chini. Mkato, mwanzoni, ili Gervas anyamaze. Gervas akanyamaza siku moja.

Mwishoni mwa masharti kulikuwa na sehemu ya mafaili ya kurukwa, yaani yale ambayo Pasi isiyaguse. Tusekile akaweka sharti kwamba anayetaka faili lake lirukwe aandike sababu pembeni.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu.

"Mwanangu, lile faili la foleni liruke. Nimelipanga kwa mkono, safu kwa safu. Mashine italivuruga."

Utamkatalia nini mtu aliyekufundisha kazi? Akaandika: faili la foleni, limepangwa kwa mkono. Gervas kuona hivyo, akaja na lake. Mwingine naye akaja na matatu. Ndani ya wiki moja mafaili ya kurukwa yalikuwa tisa, na sababu zenyewe ni vichekesho. Mmoja aliandika, "Nimelizoea."

Tusekile akawaka. Asubuhi moja akafuta orodha yote ya kurukwa mbele yao.

"Hakuna faili linalorukwa. La mtu yeyote!"

"Hata langu?" Mwalimu akauliza.

"Hata lako, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alichukua kikombe chake akatoka. Wenzake nao wakaenda kunywa chai, na Tusekile akabaki peke yake na Pasi.

Akaipitisha. Faili baada ya faili, safi. Akafika kwenye la foleni, akatazama kwenye skrini mistari ya zamani na mipya imewekwa pamoja. Nafasi tu, nafasi tu. Halafu akakuta mstari mmoja umekuwa miwili.

Akadhani Pasi imeharibu. Akarudi kwenye faili la zamani. Mstari ulionekana mfupi, wa kawaida. Akausogeza kulia. Weupe. Akasogeza tena. Weupe mtupu, kana kwamba mtu alilalia kitufe cha nafasi. Na huko mbali, nje kabisa ya skrini, mahali ambapo hakuna mtu anayefika, kulikuwa na maneno machache: au kama namba ya kadi ni 40718, mweke kwenye kundi la kwanza.

Loh! Mwenzangu, mimi hapo mwili ulinisisimka.

Maana ile kadi Tusekile alikuwa ameibeba kwenye pochi yake miaka miwili. Aliijua kama tarehe yake ya kuzaliwa. Ilikuwa kadi ya mama yake.

Hakusikia mlango ukifunguliwa. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilikuomba usiliguse," akasema.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Unaona mwenyewe."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ulikuja hapa macho yamevimba, ukasema mama hamalizi mwaka. Nina watoto wangapi kama wewe? Ningefanyaje, nikae nitazame?"

"Mbona hukuniambia!"

"Ningekuambia ungekataa." Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akaongea kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha mimi zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Andika jina la faili kwenye orodha ya kurukwa. Mstari mmoja tu. Ijumaa orodha ya wagonjwa inachapishwa, mama anapasuliwa, anapona. Mwezi ujao naufuta mwenyewe. Hakuna atakayejua mpaka tunaingia kaburini."

Sasa wewe unayesoma, usijifanye malaika. Mama yako mzazi, wiki tatu zimebaki. Ungefanya nini?

Tusekile aliandika. Ndiyo, nakwambia aliandika! Akafungua orodha, akaandika jina la faili. Mwalimu akashusha pumzi. Kilichobaki ni sababu ya pembeni, lile sharti aliloweka mwenyewe.

Akaandika, "Kwa sababu". Vidole vikasimama.

Akafuta, akaanza upya. "Kwa sababu". Machozi yakaanza kumtoka. Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu hakupata neno la kuweka pale ambalo angeweza kumsomea mtu mwingine aliye kwenye foleni ile.

Akainuka, akaenda mwenyewe kwa Dakta Ndelwa, akamleta mpaka kwenye skrini. Mwalimu hakukimbia. Alibaki kwenye kiti kile kile, kichwa chini.

Dakta alisoma mstari ule mara mbili. Akavua miwani.

"Bila maneno haya, mama yako ni wa ngapi?"

Wakayaondoa, wakaiendesha programu upya. Jibu likaja kabla Dakta hajarudisha miwani usoni. Wa ishirini na tatu.

Chumba kizima kilikuwa kimesharudi kutoka chai. Gervas yule wa maneno mengi alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Ungeweza kunyamaza," Dakta akasema.

"Nilishaanza kunyamaza, Dakta. Niliona aibu."

Siku hiyo hiyo Mwalimu alisimamishwa kazi. Alipopita karibu na Tusekile hakumlaumu. Alimwambia tu, "Msalimie mama," akaondoka na begi lake.

Jioni Tusekile akaenda kumweleza mama. Alipiga magoti kabisa, akasimulia yote. Mama akaweka mkono kifuani.

"Kwa hiyo mimi nimeruka watu?"

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua."

"Miezi mitatu nasimama kanisani nashuhudia kwamba Mungu amenitazama. Kumbe ni Mwakibete!"

Akacheka kidogo, kicheko kikamkaba, akakohoa mpaka Tusekile akamshika mgongo. Alipotulia akauliza, "Sasa niko wa ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Na wanachukua ishirini."

"Ndiyo, mama."

Mama akasema ana njaa, ampashie ugali.

Madaktari wakaja. Siku ya mwisho ya upasuaji, Tusekile alikuwa akipita kwenye veranda ya wodi, akakuta mwanamke amekaa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani. Mume wake, fundi viatu kutoka Tukuyu, baba wa watoto wanne, alikuwa ametoka kwenye chumba cha upasuaji asubuhi ile, na alikuwa ameamka akamtaja mkewe kwa jina. Mwanamke alikuwa na furaha ya kumwambia yeyote anayepita.

"Sisi tulikuwa wa ishirini na moja, dada yangu! Tulishakata tamaa, nyumbani walishaanza kutuangalia kwa huruma. Ghafla tukapigiwa simu, nafasi moja imepatikana." Akashusha sauti, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Nimekuwa nikimwombea marehemu. Maana nafasi kama hizi, lazima kuna mtu amekufa."

Tusekile akakaa kwenye benchi.

"Hajafa, dada," akasema. "Yuko nyumbani. Anasubiri zamu yake."

Funzo: Utaratibu mzuri ni ule usiomruka hata aliyeuweka. Siku utakapokufikia wewe, ukajikuta unatafuta sababu ya kurukwa na hupati ya kumsomea mwenzako, ujue kuna mtu umekalia nafasi yake, na huenda hata jina lake hulijui.