Mtoto wa Mwisho wa Sisemi

Wenye kukohoa wakohoe sasa, wenye kusogea karibu na moto wasogee, kisha mnyamaze mnisikilize. Kesi ninayowaletea imenichosha kabisa. Nimeibeba kiasi cha kutosha, na leo naitua mikononi mwenu.

Kule juu Makete, kwenye vilima vinavyopakana na tambarare za Kitulo, ambako kipupwe kikiingia sakitu hulala juu ya majani kama unga uliomwagika, wapo majirani zangu watatu, watoto wa tumbo moja.

Mkubwa ni Tumwidike. Kipaji chake ni ulimi. Msidhani ni mpiga kelele, la. Tumwidike akienda sokoni kununua viazi, muuzaji humpunguzia bei, humwongezea viazi juu ya debe, kisha muuzaji huyohuyo ndiye anayesema asante.

Wa pili ni Obadia. Kipaji chake ni kuwaelewa wanyama. Kondoo akiinamisha sikio, Obadia anajua ni mguu unamuuma au ni mvua inakuja. Binadamu ndio wanaomshinda. Ukimwuliza neno asubuhi, jibu utalipata baada ya chai ya saa nne, nawe umeshasahau ulichouliza.

Wa mwisho ni Yusta. Kipaji chake ni mikono. Anafuma masweta, kofia na soksi, na vidole vyake haviwezi kutulia hata kanisani.

Baba yao, marehemu Tweve, aliwaachia mama yao, zizi la kondoo, mbwa jike anayeitwa Sisemi, na deni. Deni lenyewe lilikuwa hivi. Tweve alichukua kondoo majike watatu kwa Bwana Mgaya, mfugaji wa ng'ambo ya mlima, akaahidi kurudisha watatu wakizaliana. Rehani akaweka mbwa. Na msicheke, maana Sisemi hakuwa mbwa wa kubwekea wapita njia. Mahali alipolala Sisemi, fisi hakukanyaga. Basi wale kondoo wakaingiliwa na ugonjwa wa mapafu, wakafa wote, na Tweve naye hakuchukua muda akawafuata.

Mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeshashika, Bwana Mgaya akaja na kamba mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kudai.

"Shikamoo, baba," akasema Tumwidike.

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mbwa."

Obadia akasimama mlangoni pa zizi kama nguzo. Yusta akaanza kulia. Tumwidike akaleta kigoda na chai ya maziwa, akangoja mgeni apige funda la kwanza.

"Baba, sisi hatukatai deni. Deni la baba yetu ni letu. Naomba kuuliza jambo moja tu. Sisemi unamtaka kwa kazi gani?"

"Kazi gani tena? Kondoo wangu wanaisha. Fisi wamenifanya shamba lao."

"Pole sana. Umemtazama vizuri lakini?"

Mgaya akainama. Sisemi alikuwa amelala ubavu, na tumbo lake lilikuwa limejaa.

"Ana umri huyu," akasema Tumwidike. "Hii itakuwa mimba yake ya mwisho. Ukimvuta kwa kamba kupanda ule mlima kwenye baridi hii, mimba itaharibika, na utafika kwako na bibi kizee mmoja asiye na meno ya kutosha. Ukimwacha azae hapa, utakuja kuchukua watoto watatu. Mbwa mmoja kwa kondoo mmoja. Utalindwa mpaka wajukuu zako waoe."

"Na wakifa kwa baridi?"

Hapo Tumwidike akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza hata kwa kufungwa mdomo. Alinyamaza. Akanywa chai yake taratibu, akaangalia mlima. Kimya kile kikamwasha Mgaya, mwishowe akakijaza mwenyewe.

"Basi wakiwa chini ya watatu, namchukua mama yao, na kondoo jike mmoja juu yake."

"Kondoo mzima ni mzito, baba. Tuseme mwanakondoo. Nitamtoa wa kwangu mwenyewe, yule mweusi."

"Kondoo."

"Mwanakondoo, na Obadia atakuja kukujengea uzio mpya wa zizi."

Mgaya akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Wewe mwanamke utamuuzia mtu kivuli chake. Haya. Mwanakondoo na uzio."

"Na wakizidi watatu?"

"Wanaozidi ni wenu."

Tumwidike akaagiza shahidi aitwe, ili Mgaya aseme tena maneno yale. Shahidi mwenyewe ndiye mimi, niliyetolewa kwenye viazi vyangu na matope mpaka magotini. Laiti ningejua, ningejificha kwenye mtaro.

Mgaya akaondoka na kamba yake. Sasa ikaja zamu ya baridi, na baridi haina mtu wa kupatana nayo.

Mama yao alisema Sisemi aingizwe jikoni. Wakamwingiza. Akakwaruza mlango, akalia, akasusa chakula. Mbwa aliyelala na kondoo maisha yake yote anajua kazi yake iko wapi, hata akiwa na tumbo. Majirani wakaleta ushauri, kama kawaida yetu, na mmoja akaleta blanketi kuukuu. Obadia akalikataa. Tukaudhika. Tukamwuliza kwa nini, tukangoja jibu, tukaanza kuondoka.

"Blanketi linakunywa maji," akasema tukiwa tumeshafika njiani. "Likilowa, asubuhi ni barafu."

Alijenga banda ubavuni mwa zizi kwa mbao za msindano. Mbao hizo alizipasua kwa ajili ya kitanda chake cha ndoa, maana alikuwa amechumbia. Mchumba akanuna, naye hakuwa na maneno ya kumwambia zaidi ya, "Nitapasua nyingine." Sakafu ya banda aliinyanyua juu ya mawe isiguse ardhi. Mlango aliugeuzia mbali na upepo, akautundikia gunia zito. Ndani akajaza mabua makavu ya ngano, na kila siku aliyachungulia, yenye unyevu akayatoa, makavu akayaongeza. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hata kaka wa mchumba akamdhihaki.

"Shemeji, hili ni banda au jeneza?"

Obadia akapigilia misumari miwili, mitatu. "Moto wake ni mwili wake," akasema. "Nyumba ikiwa kubwa, joto litapotea."

Tena akawa anampelekea uji wa moto uliotiwa mafuta ya kondoo, kwa sababu mnyama anayetetemeka hushinda akiteketeza chakula hata akiwa amelala. Humo ndani Sisemi akatulia, na humo akazaa watoto wanne.

Siku chache baadaye ikaja baridi ambayo hata wazee wetu waliitukana. Mabomba yaliganda. Kondoo wa jirani mmoja alikutwa amekauka amesimama. Asubuhi hiyo Obadia alikuwa kwenye zizi akiwainua wanakondoo, na Yusta ndiye aliyepeleka uji kwa Sisemi. Akafunua gunia. Watoto wawili walikuwa ubavuni mwa mama yao wananyonya. Wawili walikuwa wamejiviringisha mpaka mlangoni, nje ya mabua, wamekakamaa na baridi kama mawe ya mtoni.

Akawakimbiza jikoni. Mama yake akawagusa, akatikisa kichwa.

"Kawazike, mwanangu. Hawa wamekwenda."

"Bado, mama."

"Basi wasogeze motoni."

"Moto wa ghafla utawamaliza. Niache."

Akawatia ndani ya sweta lake, ngozi kwa ngozi, akaketi. Akawasugua kwa kitambaa cha sufu, polepole, mmoja baada ya mwingine. Akajaza chupa maji ya vuguvugu, akaivisha soksi, akaiweka ubavuni mwao. Mama alileta maziwa, Yusta akayakataa, akisema tumbo la baridi halipokei kitu. Jua likapanda, sakitu ikaanza kuyeyuka kwenye paa ikidondoka, na yeye bado ameketi, mgongo umemkakamaa, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Ndipo mmoja akapiga chafya ndogo kama ya sungura. Baadaye kidogo wa pili akavuta mguu.

Yusta hakuishia hapo. Alikuwa na sweta la marehemu baba yake, kitu pekee alichoomba siku ya kugawa nguo za matanga. Alikuwa akijifunika uso nalo kila alipomkumbuka, maana harufu ya baba ilikuwa bado imo. Siku ile alilifumua lote, uzi kwa uzi, akafuma vifuko vinne vya kuwavalisha watoto wa mbwa mwilini mpaka baridi ilipolegea.

Mwezi wa Septemba, Bwana Mgaya akaja. Akakuta watoto wanne wanene, wameshaachishwa kunyonya, wanaburuzana kwenye nyasi. Akakaa kwenye kigoda muda mrefu akiwatazama. Akachagua watatu, akasema mbele yangu kwamba deni la Tweve limekwisha, akawapa wote mkono, na kwa Yusta akatoa mikono miwili.

Akabaki mtoto mmoja, jike, kifua kipana, macho ya mama yake. Sisemi mwenyewe siku hizi anatembea kwa kuchechemea na hatazaa tena. Huyu ndiye mwisho wa uzao wake uliobaki upande wetu. Na wale ndugu kila mmoja ana mji wake na kondoo wake: Tumwidike ameolewa ng'ambo ya bonde, Obadia ameoa na kuhamia malisho ya juu, Yusta amechukua zizi la mama. Na fisi hawabagui.

Hapo ndipo uchovu wangu ulipoanza.

"Mimi sina maneno mengi," akasema Tumwidike, kisha akasema kutwa nzima. "Nisingelizungumza na Mgaya, Sisemi angekwenda na kamba siku ileile. Mngejengea nini? Mngemfumia nani? Na mwanakondoo aliyewekwa hatarini ni wangu."

Obadia akafikiri. Tukangoja. "Maneno hayazuii upepo," akasema. "Bila banda, wote wanne wangekufa usiku wa kwanza. Ahadi yako ingetulipisha Sisemi na mwanakondoo."

"Na bila mimi mlikuwa na wawili!" akapaza sauti Yusta. "Wawili si watatu! Mgaya angechukua Sisemi, na banda lako lingebaki na mabua. Tena huyu aliyebaki ni mmoja wa wale niliowafufua, namjua."

"Unamjuaje? Walikuwa wamefanana wote," akasema Obadia, na safari hii alijibu papo hapo.

Tukapendekeza wapige kura, Yusta akasema sweta la baba yake halikupigiwa kura. Tukapendekeza mbwa azunguke, mwezi hapa mwezi kule, Obadia akasema mbwa wa kondoo mwenye mazizi matatu hana zizi. Mwingine akasema wamngoje akue azae, kila mmoja apate mtoto. Tumwidike akauliza, "Na mpaka azae, wa kulindwa ni nani?" Tukapendekeza mama aamue. Mama akatupa mwiko sakafuni.

"Mimi nilizaa watoto au nilizaa baraza? Nikimpa mmoja, wawili hawatakuja kunizika. Mwulizeni shahidi!"

Basi wananiuliza mimi. Asubuhi anapita Tumwidike na ndizi, mchana anakuja Obadia, anakaa, hasemi, anaondoka. Jioni Yusta ananiletea kofia. Nina kofia za kutosha kijiji kizima. Siku ya Jumapili hawakai tena benchi moja. Juzi Tumwidike alipita nje kwa mama yake bila kuingia, na yule mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapotea bondeni. Nilishindwa kula siku hiyo.

Na kibaya zaidi, siku hazitungoji. Mtoto wa mbwa wa kondoo hujifunza kazi akiwa bado mdogo, akilala katikati ya kondoo, akinusa pumzi zao, mpaka awaone ni ndugu zake. Huyu wetu amefungwa nyuma ya jiko la mama akisubiri hukumu. Anatupiwa mifupa, anachezewa na wapita njia. Mwezi mwingine ukipita hivi, atakuwa mbwa wa jikoni, na yeyote atakayempata atakuwa amepata mdomo wa kulisha tu. Jana nimesikia fisi wamevunja uzio wa Obadia, wakachukua wawili. Kesho sijui watakwenda kwa nani.

Mmoja alimwokoa kwenye kamba. Mmoja alimwokoa kwenye upepo. Mmoja alimwokoa kwenye kifo chenyewe. Toa mmoja kati yao, na hakuna mbwa wa kugombania.

Mimi nimeshindwa, na sioni aibu kusema. Nyinyi mlioketi hapa mkiota moto, wakubwa kwa wadogo, msiniangalie mimi. Mkabidhini mtu mtoto wa Sisemi leo, kabla hatujatawanyika. Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini ili warudi kuketi na mama yao?