Perege na Beseni la Karafuu

"Paukwa, jamani!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na bwawa."

"Na sisi tuko ukingoni."

"Ukingo unateleza."

"Tushike mkono!"

"Mkono wenyewe unanuka shombo."

"Shika hivyo hivyo!"

Basi shikeni kweli, maana hadithi ya leo ina utelezi. Mkianguka msiseme sikuwaambia.

Hapo kale, chini ya mlima wenye mikarafuu, kulikuwa na kijito, na kwenye kijito kulikuwa na Fisimaji. Mkia mpana, meno makali, na tumbo lisilojua neno "inatosha". Fisimaji alikiziba kijito kwa mawe na matope, maji yakajaa, likawa bwawa. Perege waliokuwa wakipita zao wakajikuta wamefungiwa. Fisimaji akapanda juu ya jiwe, akajipangusa sharubu, akatangaza:

"Bwawa langu. Maji yangu. Na nyinyi mlio ndani, wangu. Mimi ni mfugaji."

Mfugaji! Haya. Mwenye meno akisema yeye ni mfugaji, wewe uliye ndani ya zizi utabisha na nani?

Sasa perege, kwa asiyemjua, hulea mdomoni. Mama hutaga mayai, huyaokota, huyaweka kinywani, na tangu hapo hali kitu, anashinda njaa mpaka watoto watoke. Wakitoka hawaendi mbali. Wanacheza mbele ya pua yake, na kivuli kikipita juu ya maji, mama huinamisha kichwa, hufungua mdomo, nao, fyuu! wote ndani. Fisimaji alilijua hilo, na hakuna alichokipenda duniani kama watoto wa perege. Lakini kumfungua mama mdomo si mchezo. Perege ana miiba mgongoni, na mama mwenye watoto yuko tayari kufa, taya asiliachie. Fisimaji akachomwa kidole, akachomwa pua, akakaa chini akalia kama mtoto.

"Hapana," akasema. "Lazima kuna dawa."

Na dawa ilikuwapo. Fisimaji alichuma karafuu, akatwanga, twa! twa! twa! Akatia maji ya moto, maana mafuta ya karafuu hayaelewani na maji baridi, akakoroga, akamimina kwenye beseni. Konzi moja ya karafuu, beseni moja la maji. Akamkamata mama mmoja kwa tenga, akamtumbukiza, chubwi!

Kwanza akayumba. Kisha akapinduka. Kisha kimya.

Taya likalegea lenyewe. Fisimaji akamshika mkia, akamtikisa, na watoto wakamwagika, pwii, pwii, pwii. Yule mama, Fisimaji akamrudisha mahali maji yanapoingia bwawani, yale yanayotembea, apate kuzinduka, maana mfugaji hatupi mtaji. Watoto akawatia kwenye kata ya maji safi, akawaosha na kuwaosha tena mpaka harufu ikaisha, ndipo akala. Siku moja aliwahi kuonja bila kuosha, akashinda anapiga miayo mpaka jua likambabua mgongo. Tangu hapo alikuwa anaosha.

Mama akizinduka, mdomo mtupu.

"Watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani?" Fisimaji alijibu akijichokoa meno kwa kijiti. "Ulilala, ukaota. Pole sana, mama."

Na mama angesema nini? Hakusikia maumivu. Hakuona mkono. Hakuna alichokumbuka ila harufu tamu. Leo huyu, kesho yule, bwawa zima likawa la akina mama waliokuwa wameota.

Mmoja kati yao, mdogo kuliko wote, aliitwa Sikudhani. Msimu uliopita naye aliambiwa ameota. Alijaribu kuamini, kwa sababu kuamini kunauma kidogo kuliko kujua. Lakini kila kivuli kilipopita juu ya maji, kichwa chake kiliinama chenyewe na mdomo ukafunguka, na hakuna aliyeingia. Sikudhani akajua. Mwili hauwi na mazoea ya ndoto.

Basi msimu huu, watoto wakiwa mdomoni tena, akajificha kwenye matete karibu na lile jiwe, akatazama. Alitazama watoto wa wenzake wakimwagika. Alitazama watoto wa jirani yake Zamda, aliyechimba naye viota, wakimwagika mpaka wa mwisho, na hakuwa na la kufanya ila kujifunza. Ni shule mbaya, lakini ndiyo iliyokuwapo. Akajifunza kwamba karafuu zikiwa chache usingizi hauji, zikizidi usingizi unakuja mbio. Akajifunza kwamba jua kali huuharakisha. Akajifunza kwamba anayesahauliwa ndani ya beseni haamki, maana kuna mama Fisimaji alimsahau siku moja akijikuna, na yule mama akaelea na matamvua yake hayakucheza tena. Na akajifunza kwamba mfugaji huosha chakula chake.

"Vizuri," Sikudhani alisema moyoni. "Mimi ni mdogo, nguvu sina. Akili ninayo."

Siku ikafika. Tenga likashuka, likapanda, na Sikudhani akajikuta ndani ya kata ya maji safi ukingoni, akingoja karafuu zitwangwe, hatua moja tu kutoka pale kijito kinapoingia bwawani.

"Shikamoo, Mjomba," akasema.

"Marahaba. Mbona unasema umebana meno?"

"Nimebana utamu wako, Mjomba. Usije ukamwagika."

Fisimaji akacheka, udenda ukamtoka.

"Lakini nakuonea huruma, Mjomba."

"Mimi? Unionee huruma mimi?"

"Unakula makapi. Unaosha, unaosha, utamu wote unakwenda na maji. Kule chini Kenge kakaa na domo wazi, anakunywa mchuzi wako. Hujamwona alivyonenepa? Shingo hana tena."

Fisimaji akakunja uso. Kuliwa chake na Kenge, hata kama ni maji ya kunawia, hakuweza kuvumilia.

"Sasa nifanyeje?"

"Kunywa wewe, Mjomba. Pika mchuzi, onja. Ukikolea, ndipo unitie mimi."

Hesabu yake ilikuwa hiyo. Mjomba anywe, Mjomba alale, na yeye aruke kutoka kwenye kata, chubwi, kijitoni, na watoto wake mdomoni.

Fisimaji akatwanga, twa! twa! twa! Akatia konzi moja. Akanywa, gudu, gudu, gudu.

"Chapwa," akasema.

"Ongeza, Mjomba."

Twa! twa! twa! Konzi nyingine. Gudu, gudu, gudu. Fisimaji akapiga mwayo, aaaah, mpaka koo likaonekana.

"Sasa?"

"Haujakolea. Ongeza, Mjomba."

Twa... twa... twa... Mchi ulianza kuwa mzito. Jua lilikuwa utosini, beseni limepata joto. Fisimaji akanywa, akayumba. Sikudhani akaona anavyoyumba, na furaha ikampanda mpaka mkiani. Watoto walikuwa wanamtekenya kinywani, kama wanavyofanya wote.

"Ongeza kidogo tu, Mjomba. Kidogo tu."

Fisimaji akaongeza. Kisha akaitazama kata kwa macho yanayofumba.

"Mchuzi bila nyama," akasema, ulimi mzito, "ni dawa ya mafua." Akainua kata, akaimimina kwenye beseni, samaki na maji yake, chubwi!

Hilo halikuwamo kwenye hesabu.

Sikudhani akabana taya. Alibana kama hajawahi kubana kitu maishani. Harufu tamu ikaingia, na aliijua vizuri harufu ile. Fisimaji akainama anywe. Fisimaji akayumba. Sikudhani akayumba. Fisimaji akapinduka, kifua kikaangukia ukingo wa beseni, beseni nalo likapinduka, na mchuzi, na Sikudhani, na kila kitu, shaaa! mpaka kijitoni. Fisimaji akabiringika upande wa pili, akaingia bwawani kwake, kichwa kwanza.

Kisha kimya.

Wahenga wamesema mfa maji haishi kutapatapa. Huyu hakutapatapa hata kidogo. Mzaliwa wa maji, mwogeleaji wa kwanza, akafa maji kwenye bwawa lake mwenyewe, ametulia kabisa. Dawa nzuri ile.

Sikudhani akazinduka maji yakimpiga usoni. Jambo la kwanza, mdomo. Umefungwa! Akapapasa kwa ulimi. Wamo. Wote wamo. Jamani, kama samaki anaweza kulia kwa furaha, basi siku ile kijito kiliongezeka.

Habari ikaenea. Perege wakaruka, chupa, chupa, vigelegele bwawa zima. Fisimaji amekufa! Mdogo kamwangusha mkubwa! Zamda akaja mbio.

"Sikudhani, ndugu yangu! Watoto?"

"Wamo."

"Basi watoe, tuwaone! Tumesahau mtoto anafananaje."

Sikudhani akainamisha kichwa afungue mdomo. Hapo ndipo akagundua kwamba hatekenywi. Walikuwa wamekaa tu juu ya ulimi wake, kama mchanga.

Wamelala, akajiambia. Hata mimi nililala. Akageuka, akaenda pale maji yanapoingia kwa nguvu, akaelekeza uso kwenye mkondo, akaachia upenyo mdogo, maji yapite juu yao, yatoke kwenye matamvua, yapite tena. Ndivyo anavyozinduliwa aliyelazwa na karafuu. Yeye mwenyewe alizinduka hivyo.

Maji yakapita. Jua likashuka. Maji yakapita.

Alikuwa amempima Fisimaji. Alikuwa amejipima mwenyewe. Watoto hakuwapima. Karafuu za kumwangusha Fisimaji, karafuu za kumlaza mama, zinamfanya nini mtoto mwenye ukubwa wa punje ya mtama, ambaye usingizi humfikia kabla ya wote? Na nani pale ukingoni aliyekuwa anasema ongeza, ongeza, ongeza? Hakuwa Fisimaji.

Alitamani angekuwa amesahau. Wenzake waliamka hawakumbuki kitu, yeye alikumbuka kila konzi.

Bwawani ngoma ilikuwa imepamba moto. Walimtungia wimbo, wakaja kumwita aje acheze mbele.

"Watoe basi, mama shujaa, watoe tuwaone!"

Sikudhani akabana meno.

"Wamelala," akasema.

Wakarudi kucheza, wakaimba polepole ili wasiwaamshe. Zamda peke yake hakurudi. Alimtazama machoni, akasogea, akakaa kando yake, uso kwenye mkondo. Wakakaa hivyo wawili, maji yakipita.

"Wakaamka?"

Nani huyo kauliza? Kaa kitako. Hawakuamka.

Haya, funzo, maana najua hamwondoki bila funzo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nasema walikosea: akili nyingi huondoa Fisimaji. Fisimaji kaondoka, bwawa limebaki, raha mustarehe. Kwa hiyo wanangu muwe na akili nyingi, nyingi sana, na mkiona bado hazitoshi, ongezeni.

"Hadithi imefika wapi?"

"Ukingoni."

"Ina ukweli?"

"Ina maji."

"Basi nawe nawa mikono, ukalale."

"Hatulali!"

"Na mimi silali."