Fisi na Chui Wajitolea kwa Nyangumi

Hapo zamani za kale, watoto, enzi ambazo wanyama walipika, walifagia na kusengenyana kama sisi, palikuwa na kituo cha kuokoa viumbe wa bahari. Kilikuwa ufukweni kabisa, banda la makuti na mabwawa ya maji ya chumvi. Kasa aliyemeza ndoana aliletwa pale. Pweza aliyekatwa na wavu aliletwa pale. Mwenye kituo alikuwa Mama Heroe, ndege mwenye miguu mirefu, moyo laini na akili... basi, moyo wake ulikuwa laini sana.

Aliyemsaidia ni Digidigi, mdogo kama kitoto cha mbuzi. Alijitolea tu. Alichota maji, akasugua mabwawa, akawakatia wagonjwa majani ya baharini.

Siku moja wakaja wawili wengine, Fisi na Chui.

"Tumesikia hapa kuna wagonjwa," Fisi alisema huku akimeza mate. "Je, ni wanene?"

"Wapo wanene, wapo wembamba," akajibu Mama Heroe.

"Basi tumekuja kujitolea. Sisi tuna huruma mno. Hasa kwa wanene."

"Jamani! Mungu awabariki!" Mama Heroe akafuta chozi kwa bawa lake.

Ah, huruma ilioje! Kuchota maji hawakuweza, maana Chui aliumwa mgongo ghafla, na Fisi akaanza kuchechemea kwa mguu ambao jana yake ulikuwa mzima. Wakachagua kazi nyepesi: kukaa na wagonjwa peke yao, kuwaliwaza.

Asubuhi iliyofuata bwawa la Pweza lilikuwa tupu.

"Amepona," alisema Fisi. "Kaondoka alfajiri. Anakusalimu sana." Kisha akabeua, bweee!

"Mmemponya kwa usiku mmoja!" Mama Heroe akashangilia. "Mikono yenu ina baraka!"

Baada ya siku chache, Kasa naye akapona. Digidigi akashindwa kuvumilia.

"Mama, wale wanawala wagonjwa."

"Wanawalea, mwanangu. Tamka vizuri."

"Wanawala, Mama! Gamba la Kasa liko nyuma ya jiko, nimeliona!"

"Si amelivua tu? Joto la siku hizi unalijua mwenyewe. Acha wivu, mwanangu. Wenzako wanafanya kazi nzuri."

Digidigi akatoka. Bwawani alikuwa amebaki Bi Nguva na mtoto wake mchanga. Na Fisi alikwishaanza kuulizia chumvi.

Alikwenda ufukweni kukata majani, kichwa kimejaa mawazo, mara akasikia, hooo! hooo! Bahari ilikuwa imekupwa, na juu ya mchanga mkavu amelala Nyangumi, mkubwa kama nyumba.

"Ndugu yangu, nisaidie," akaguna Nyangumi. "Maji yatarudi alasiri, lakini jua litaniua kabla. Na hata yakirudi, nimezama mchangani. Sitaelea."

Digidigi akatazama kwato zake ndogo. Kazi ile ilihitaji wenye nguvu. Akafikiri, halafu akatabasamu.

"Tulia, kaka. Nakuletea watu wa kujitolea. Ila ukianza kuelea, usiage mtu. Ondoka tu."

Mbio, pukupuku, pukupuku, mpaka kituoni.

"Mzee Fisi! Bwana Chui! Kuna mgonjwa ufukweni, mnene, sijaona mfano wake! Atakata roho jioni hii!"

Mguu wa Fisi ukapona papo hapo. Walipofika, Chui akatoa makucha.

"Ngoja!" Digidigi akaita. "Huoni mkia huo? Akikupiga nao, utasahau jina la mama yako. Afe mwenyewe kwanza. Lakini jua hili litamkausha, nyama iwe ngumu kama gogo. Mngemmwagia maji..."

"Maji!" akabweka Fisi. "Lete ndoo!"

Pwaa! Pwaa! Wakachota na kumwaga, wakachota na kumwaga, ndimi nje. Walikuwa na bidii hiyo.

"Na mafuta je?" Digidigi akauliza. "Yatamwagika mchangani, yapotee bure. Mngechimba shimo kumzunguka, yangejikusanya humo."

"Chimba, Chui, wewe una makucha!"

"Chimba mwenyewe, na wewe unayo!"

Wakachimba wote, mchanga ukiruka, fururu! fururu! Kufikia alasiri, Nyangumi alikuwa ameloa vizuri na mchanga uliomshika umeondolewa wote. Na kule nyuma bahari ilikuwa ikirudi taratibu.

"Sasa wakija wengine, mtajuaje kuwa ni wenu?" akauliza Digidigi. Alikuwa ameshafunga kamba nene mkiani mwa Nyangumi. "Mwenye kamba ndiye mwenye mali."

Fisi akarukia ncha moja. "Wangu! Nifunge kiunoni, kaza!"

"Wako tangu lini?" Chui akanguruma. Akashika ncha ya pili. "Na mimi nifunge! Kaza zaidi!"

Digidigi akakaza. Akakaza kwa moyo wote.

Maji yakaingia shimoni, chubwi, chubwi. Yakafika magotini.

"Mbona mafuta haya ni ya baridi?" Fisi akauliza.

Nyangumi akaelea, akapiga mkia, chwaaa!

"Yalaaa!" Fisi huyo, anaruka juu ya mawimbi. Chui nyuma yake, tumbo juu.

Mama Heroe akafika mbio. "Wanakwenda wapi?"

"Wanamsindikiza mgonjwa, Mama."

Kutoka mbali sauti ya Fisi ikaja na upepo: "Mama Heroe, tufungue! Pweza tulimla! Kasa tulimla! Nguva hatutamgusa, tunaapa!"

Mama Heroe akasikia yote, shingo imenyooka. Kisha akachukua ndoo mchangani, akachota maji, akaenda kumwagia Bi Nguva na mtoto wake yeye mwenyewe. Njia nzima hakumtazama Digidigi usoni.

Nyangumi aliwabwaga wale wawili kwenye mwamba mkavu huko mbali, na huko hakuna mgonjwa hata mmoja wa kuliwaza.

Basi watoto, anayekuja kwako akijisifu kwa huruma, itazame kwanza kazi yake, ndipo umshukuru.