Salvina na Jina la Kukodi

Ukikodi jina, umekodi na mwenyewe. Mmeisikia jana kwa yule fundi cherehani aliyekataa kubandika nembo ya kampuni kwenye duka lake, nanyi mkadhani ni maneno ya mababu. Sivyo. Methali hii ni changa kuliko mdogo wenu wa mwisho, na aliyeitoa kinywani ni mwanamke wa hapa hapa Iringa niliyemfahamu vizuri. Ilianza hivi.

Salvina Mgimba alikuwa mpishi mkuu wa shule ya wasichana kwa miaka ishirini na sita. Marehemu mumewe alimwachia shamba la mipaina kule Mufindi, na mipaina ilipokomaa akawauzia watu wa mbao, akashika fedha ambazo hakuwahi kuziona maishani. Wengine walimshauri ajenge nyumba za kupangisha, wengine anunue lori. Yeye alitaka mgahawa. Ndipo akasikia redioni kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam, iliyoitwa Tanuri Jekundu, inatafuta watu wa kufungua migahawa ya piza mikoani. Akapiga simu. Sauti ya upande wa pili ikamwambia kwa upole kwamba ada ya kujiunga ni milioni thelathini na tano.

Alimwendea kaka yake Anatoli, mwalimu mstaafu, akamwambia amepata mgahawa mzima kwa milioni thelathini na tano, na chenji itabaki.

Kisha karatasi zikaja. Zilikuwa kurasa arobaini na moja. Anatoli alivaa miwani, wakakaa mezani siku tatu, na kila ukurasa ulikuwa kama mtu anayekujibu swali kwa kukuuliza jingine. Ile ada haikuwa ya mgahawa. Ilikuwa ya ruhusa ya kutumia jina tu, na hairudishwi hata ukibadili mawazo kesho yake. Jengo alitafute mwenyewe, lisipungue mita za mraba mia na ishirini, liwe na umeme wa fezi tatu na mahali pa kuegesha magari. Oveni anunue mwenyewe, lakini kwao tu. Friji vilevile. Nusu ya mtaji iwe fedha yake, isiwe ya mkopo. Yeye mwenyewe awepo kazini siku sita kwa wiki, na kabla ya kufungua aende Dar es Salaam wiki sita kufundishwa kupika.

"Kufundishwa kupika?" Salvina akauliza. "Mimi?"

Anatoli akaendelea kusoma. Kila mwezi angelipa mrabaha, asilimia sita ya mauzo, na asilimia tatu nyingine ya matangazo.

"Ya faida," Salvina akamsahihisha.

"Imeandikwa mauzo."

"Na nikipata hasara je?"

Anatoli akausoma tena mstari ule, akafunua ukurasa wa nyuma kana kwamba jibu limejificha huko. "Utalipa," akasema.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi alitia saini. Hata yeye alijiuliza miaka mingi. Alinieleza kwamba alipokwenda Dar es Salaam aliuliza maswali mawili, akajibiwa, hakuelewa, na la tatu akaona haya kuliuliza mbele ya vijana waliovaa tai. Akachukua kalamu. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano.

Mafunzo nayo yalimvuruga zaidi. Mwanamke aliyezoea kupikia wasichana mia nane kwa kukadiria kwa jicho alipewa mizani ya kupimia jibini, na gramu tano zikizidi anaambiwa aanze upya. Nyanya zilitoka kwenye makopo. Alitaka kujua kwa nini anunue nyanya za makopo zinazosafirishwa kutoka mbali, ilhali Ilula, mwendo wa saa moja tu kutoka kwake, nyanya zinaoza kando ya barabara. Mkufunzi akamwambia ndivyo ilivyo kwenye kitabu. Akarudi Iringa akiwa na cheti, na kichwani mwake hajui kama amekuwa mwenye mgahawa au mwajiriwa wa mgahawa wake.

Mwenye jengo alimsumbua, maana alizoea kupangisha mwaka mmoja mmoja na kampuni ilitaka hati ya miaka mitano. Mpaka alipolipwa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo ndipo akakubali. Fedha za mipaina ziliyeyuka zote. Lakini mgahawa ulipofunguliwa, wanafunzi wa vyuo walipanga foleni mpaka barabarani, na Salvina akaona labda amefanya jambo la maana.

Mwaka wa pili, mvua za masika zikaporomosha udongo mlima Kitonga, kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam. Lori lililokuwa likileta jibini na makopo ya nyanya likakwama huko siku tatu. Salvina alikuwa amepokea oda ya piza arobaini za mahafali. Kuwavunja moyo wenye shughuli hakuweza. Akaagiza jibini Njombe, nyanya akachukua Ilula, akazipika na kitunguu saumu kama alivyofundishwa na mama yake. Wageni walilamba vidole. Mmoja wao akapiga picha, akaisambaza kwenye simu na kuandika kwamba piza ya Iringa imeizidi ya Dar.

Haikupita wiki, akaja mkaguzi wa kampuni, dada mmoja mtulivu aliyeitwa Rukaiya Mshangama. Alisalimia kwa heshima, akafungua friji, akaandika, akafunga. Kisha akamweleza Salvina kwamba mgahawa utafungwa siku kumi na atatozwa faini ya milioni mbili.

Salvina hakuelewa. Aliangalia wafanyakazi wake, nao walimwangalia yeye.

"Kuna mtu ameugua?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Ilikuwa mbaya?"

"Nasikia ilikuwa tamu sana. Ndiyo tatizo lenyewe. Aliyekula hapa akienda mgahawa wetu wa Mwanza ataitafuta ile ile, ataikosa, na atasema tumemdanganya."

Katika maisha yake yote Salvina hakuwahi kusikia mpishi ameadhibiwa kwa utamu. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, hebu nieleweshe. Jengo nalipia mimi. Oveni nimenunua mimi. Hawa nawalipa mishahara mimi. Chenu humu ndani ni kipi?"

"Jina, mama."

"Nililikodi."

"Ndiyo. Ulilikodi."

Salvina akasema polepole, "Kumbe ukikodi jina, umekodi na mwenyewe."

Wafanyakazi waliyasikia maneno hayo, na jioni yalikuwa yamefika sokoni. Watu wakayafanya ya kumcheka. Mtu akiazima baiskeli na mwenyewe akamfuata nyuma kuangalia breki, watu walisema, amekodi na mwenyewe, kama Salvina. Na kwa muda wa miaka miwili methali ilikuwa na maana hiyo tu, ya uchungu na dhihaka.

Mwaka wa nne, wanafunzi thelathini wa hosteli moja waliugua matumbo kwa siku moja, wawili wakalazwa wakiwa hawajitambui. Siku iliyotangulia walikuwa na sherehe, na walikula piza za Salvina. Mji mzima ukapata jibu kabla ya kuuliza swali. Maofisa wa afya wakaufunga mgahawa wakati wanachunguza. Watu wakasimama nje wakinyooshea mlango vidole. Salvina alikaa nyumbani akipitia kila alichofanya siku ile, unga, maji, mikono ya kila mtu, asione kosa, na asiamini pia kwamba hakuna. Anatoli alimwonya ajiandae: kampuni italing'oa bango lake na kumwachia aibu. Salvina naye aliwapigia simu akiwa ameshajua, au akidhani anajua, watakachosema.

Kesho yake Rukaiya akafika, na hakuwa peke yake. Alikuja na mwanasheria na mtaalamu wa vyakula. Katoni zote zilikuwa na namba, na wakaonyesha kwamba jibini la shehena ile ile lilikuwa limeliwa kwenye migahawa kumi na miwili bila mtu kuumwa. Wakawaomba maofisa wapime na maji ya hosteli. Siku ya sita majibu yakatoka: bomba la choo lilikuwa linavujia kwenye tangi la maji ya kunywa. Wagonjwa wote walipona. Kampuni ikatangaza majibu hayo redioni kwa wiki nzima, kwa gharama yake.

Siku ya kufungua tena, Salvina alimvuta Rukaiya pembeni.

"Sikuelewi bado. Kwa jibini tu mlinifungia. Kwa jambo hili mmekuja kunitetea. Nyie ni watu gani?"

"Ni wale wale, mama," Rukaiya akajibu. "Jina likichafuka hapa, limechafuka na Mwanza. Tungekuachaje? Si ulisema mwenyewe siku ile?"

Salvina akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wanafunzi waugue.

Mkataba ulipokwisha, alikwenda Dar es Salaam, akauliza maswali kuanzia asubuhi hadi alasiri, mpaka vijana wa tai wakalegeza tai zao. Nyanya za Ilula walimkatalia, na mrabaha ukabaki juu ya mauzo. Akatia saini. Jamaa zake walishangaa, wakamuuliza kama amesahau siku zile kumi. Alisema hajasahau, wala zile sita za kutetewa.

Basi wanangu, mkiona mtu anaisema kwa kununa, jueni ameijua nusu. Anayefuatilia mkono wako jikoni ndiye huyo huyo atakayesimama mlangoni siku watu wakikunyooshea vidole, na huwezi kumchagua wa siku moja ukamwacha wa siku nyingine. Ukikodi jina, umekodi na mwenyewe.