Mstari Uliogota Ukutani

Kila uchaguzi mnanidai kisa hiki, na mahindi yangu hamyapukuchui. Haya.

Bwana Lugembe, tajiri, aliziba njia ya kisima kwa ukuta, kisha akagombea uenyekiti wa kijiji. Siku ya kura, karibu na ukuta huo, watu walijipanga mstari nyuma ya kila mmoja wa wagombea wawili, idadi ikawa sawa. Alibaki Bi Sikuzani mfinyanzi, na mtungi wake.

“Shangazi, njoo nyuma yangu!”

“Nisimame wapi, baba? Mstari wako umegota ukutani.”

“Simama ubavuni!”

“Wa ubavuni hahesabiwi.”

“Vijana, bomoeni ukuta!”

Ukuta ulipoanguka, Bi Sikuzani akapita, akachota maji, akarudi kusimama kwa mpinzani.

“Shangazi! Si uliniahidi?”

“Nilikuuliza pa kusimama tu.”

Lugembe akakosa kiti kwa kura moja, na mwenyekiti mpya akamsombesha matofali yote ya ukuta ule kwa bega lake mwenyewe.