Kilima Kinachokula Mafuta

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na leseni za udereva na Twiga alipotoboa paa la gari lake apate kupitisha shingo, kulikuwa na Pimbi aliyeishi peke yake juu ya kilima cha mawe.

Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanene, hata mkia wa kufukuzia nzi hana. Huyu alikuwa na mke, mke akafariki. Alikuwa na watoto, watoto wakakua, wakashukia bondeni kutafuta maisha. Siku ya msiba aliwapelekea majirani habari, nao wakamjibu kwa adabu nyingi:

"Pole sana, ndugu yetu. Tungekuja, lakini kilima chako kinakula mafuta."

Basi Pimbi akakaa matanga peke yake.

Tangu hapo akawa na tabia moja. Kila akirudi kuchuma majani, alisimama mbele ya mlango wake akabisha, "Hodi!" Kisha mbio, akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa uani na kujiitikia, "Karibu! Karibu ndani!" Halafu kimya, maana mgeni na mwenyeji walikuwa yuleyule.

Msicheke. Mpweke hucheza michezo ambayo hapendi kuonwa akiicheza.

Siku moja alishuka bondeni kununua chumvi. Penye kituo cha mafuta akakuta kelele. Bwana Kifaru na Mama Kiboko, wawili wa majirani wale, wanagombana, kila mmoja ameegemea pikapu yake.

"Yangu inavuta!" alinguruma Kifaru. "Nikifunga tela nyuma, naihamisha nyumba yako na wewe ukiwa umelala ndani!"

"Kuvuta tu?" Kiboko akabetua midomo. "Hiyo yako ni mlevi! Haipiti kituo bila kuingia. Yangu inavuta vilevile, na mafuta inaramba tu."

"Inaramba! Thubutu!"

Pimbi akapanda juu ya dumu ili aonekane. "Jamani wakubwa, ubishi wa barabara tambarare hauishi. Kwenye tambarare hata mkokoteni ni hodari. Gari hupimwa mlimani, tena likiwa na mzigo."

"Mlima upi?" wakauliza kwa pamoja.

"Wangu," akasema Pimbi.

Akawapangia. Pale chini ya kilima kila mmoja ajaze tangi mpaka shingoni, afunge tela la mawe, mizigo ikiwa sawasawa. Wakifika juu, matangi yajazwe tena kwa kopo. Atakayehitaji makopo mengi ndiye mwenye gari lenye tumbo kubwa.

"Na nani atapima?" Kifaru akauliza.

"Mimi. Sina gari, sina upande. Ila sikilizeni, tangi halipimwi injini ikiwa ya moto. Lazima ipoe kwanza. Mtangojea kwangu."

Kanuni hiyo, wanangu, aliitunga palepale juu ya dumu.

Basi siku ya mashindano ikafika. Ngrrrr! Vuuuum! Mawe yanagongana kwenye matela, kwata-kwata-kwata, moshi unatanda, mpaka juu! Pimbi alikuwa amefagia ua, ametandika mkeka wa marehemu mkewe, amepika uji wa ulezi na viazi vitamu. Kifaru akasimulia maumivu ya mgongo wake. Kiboko akaimba wimbo wa arusi, akasahau maneno katikati, wakacheka hadi majabali yakaitikia.

"Injini zimepoa?" akauliza Kiboko.

Pimbi akatoka, akagusa chuma kilichokwisha poa zamani. "Uwiii! Inachoma! Ongezeni uji kwanza!"

Jua lilipoinama akapima. Kiboko akashinda.

"Nataka marudiano!" Kifaru akapiga mguu chini, puu!

"Ni haki yako," akasema Pimbi, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

Lakini Pimbi alijua kwamba Kiboko akishinda tena, mchezo utakwisha, na mkeka utakunjwa. Kwa hiyo siku ya marudiano alishuka mapema "kukagua magari". Akazunguka nyuma ya pikapu ya Kiboko, akachomoa mwiba wa mgunga, akabonyeza kidude cha kutilia upepo kwenye tairi. Psssss... Kidogo tu. Tairi likipungua upepo, gari huburuza miguu, na likiburuza miguu na mzigo mgongoni, hunywa mafuta bila kiasi.

Siku hiyo Kifaru akashinda. Kiboko akadai marudiano. Safari iliyofuata, pssss kwa Kifaru. Ikaendelea hivyo mvua na kiangazi. Aliyeshinda leo, keshokutwa matairi yake yananyong'onyea, na wakubwa wawili wanachoma mafuta kupanda kilima walichosema kinakula mafuta. Pimbi akaanza kunenepa mashavu. Hata ile hodi ya kujibishia mwenyewe akaisahau.

Siku moja Kifaru alikuwa amekwisha shindwa mara mbili mfululizo, maana mara ya pili mwiba ulikuwa umemteleza Pimbi. Wakiwa chini ya kilima, Kiboko akapumua kwa uchovu. "Leo nikishinda, basi. Sipandi tena. Mchezo huu umenila."

Pimbi akaondoka na neno hilo. Sipandi tena! Akazunguka nyuma ya pikapu ya Kiboko. Pssss. Bado. Psssssss. Bado. Akakimbia kwa njia ya mkato kwenda kuchemsha uji, na kwa haraka yake mwiba akauacha palepale kwenye tairi.

Ngrrrr! Vuuuum! Penye kona kali, chini yake korongo, PAAA! Tairi la Kiboko likapasuka. Pikapu ikayumba. Tela likateleza, likapepesuka, gurudumu moja likabaki hewani juu ya korongo.

"Nakufa! Nakufa jamani!"

Kifaru aliyekuwa mbele akaliegesha tela lake pembeni, akalifungua, akarudi kinyumenyume, akatupa mnyororo. "Funga, mama! Usikanyage mafuta, acha nikuvute!" Pikapu yake ikalia, ikachimba udongo, polepole, polepole, mpaka Kiboko na tela lake wakasimama barabarani.

Pimbi akaja mbio, mwiko mkononi, pumzi hana. Akamkuta Kifaru ameinama kwenye gurudumu.

"Mwiba wa mgunga," alisema Kifaru taratibu. "Kilima hiki chote hakina mgunga, ila mmoja, uani kwako."

Kiboko akautazama mwiba, kisha akamgeukia Pimbi.

"Ulitaka kuniua, Pimbi?" Kiboko akauliza.

"Nilitaka mrudi."

"Ungetuita!"

"Niliwaita," Pimbi akasema, na machozi yakamtoka wazi. "Nilipofiwa niliwaita. Mlisema kilima kinakula mafuta."

Kiboko akatazama matope miguuni mwake. Wakabadilisha tairi, wakamwaga mawe, wakateremka.

Pimbi akarudi nyumbani. Uji ulikuwa umeungua. Alisimama mlangoni akabisha, "Hodi!" lakini siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuzunguka kwenda kuitikia. Mkeka akaukunja. Siku zikapita, ukoga ukaota kwenye vikombe vya wageni.

Asubuhi moja alikuwa anachambua majani.

"Hodi!"

Akadhani ni kichwa chake kinamchezea. Akaendelea kuchambua.

"Hodi humu ndani! Ama tuondoke?"

Pimbi akafungua mlango. Kifaru na Kiboko wamesimama uani, na nyuma yao pikapu moja tu. Tela halipo.

"Leo mnavuta nini?" akauliza kwa hofu.

"Hatuvuti kitu," akasema Kiboko. "Tumepanda gari moja, tumechangia mafuta. Tumekuja kukaa matanga. Tumechelewa, tusamehe."

"Nami nisameheni," akasema Pimbi, akafuta macho. "Ila... ila injini ni ya moto. Itabidi mngoje ipoe."

Kifaru akacheka, akavua viatu, akajitandikia mkeka mwenyewe. "Tena ipoe taratibu, bwana. Uji uko wapi?"

Nami hapa nazima injini yangu, wanangu, na neno la kubeba nyumbani ni hili: mtembelee mwenzako kabla hajalazimika kukutegea mwiba.