Nani Amwingize Mtoto Nyumbani?

Sogeeni. Asiyependa ubishi aage mapema, maana hadithi hii imeshagombanisha ndugu.

Kapteni Tumsifu, mwenye ndege ndogo ya injini moja, alijaliwa mikono isiyotetemeka. Sista Eufrasia, muuguzi, alijaliwa pua: alijua maziwa yameharibika kabla hujafungua kibuyu. Na Lekishon, mchungaji, alijaliwa mluzi. Ng'ombe walimtii kuliko watoto wake, jambo lililomkera sana mkewe.

Siku hiyo Sinyati, mke wa kaka yake Lekishon, alikuwa akitoka hospitali na binti yake mchanga, mtoto aliyemsubiri mpaka watu wakachoka kuuliza. Mvua ilikuwa imekata barabara, ndipo Tumsifu akawabeba, Sista akawasindikiza. Sinyati hakutulia. Kila ndege ilipotikisika alimfunua mtoto aone kama anapumua.

Kwao uwanja wa ndege ni malisho pia. Rubani hupita chini mara moja, wachungaji huondoa ng'ombe, ndipo hurudi kutua. Lakini mtoto alikuwa akilia, masikio yanamuuma.

"Kapteni, leo shuka moja kwa moja," Sista akasema. "Huyu mtoto anateseka."

Tumsifu akaona huruma, akashuka. Nyasi zilipokaribia, Sinyati akaona migongo ya ng'ombe. Lekishon alikuwa amewaachia katikati ya uwanja, akijua ndege itapita kwanza.

Lekishon akapiga mluzi. Ng'ombe wakagawanyika huku na huku, njia ikafunguka. Bila mluzi ule, ndege ingewavaa.

Gurudumu moja likagonga kichuguu, likang'oka. Ndege ikaanza kuserereka kuelekea korongo lililo kando ya uwanja. Tumsifu akashikilia usukani, akaiburuza kwa tumbo mpaka ikasimama ukingoni. Bila mikono ile, wangetumbukia.

"Tumepona!" akasema, akaegemea kiti.

"Bado," Sista akajibu, pua juu. "Petroli hiyo! Tokeni!"

Mkanda wa Sinyati ulikuwa umekwama. Sista akaukata kwa mkasi, akamtoa mama na mwanawe, akamvuta na kapteni kwa kola. Hawakufika mbali, ndege ikawaka.

Sasa, katika ukoo ule, mtoto aliyeponea kifo haingizwi nyumbani na mama yake. Humwingiza aliyemwokoa, mtu mmoja tu, na huyo huwa mzazi wake wa pili. Binti hataolewa wala kuhama bila neno lake.

Walipofika langoni kwa Sinyati, Lekishon akanyoosha mikono. "Nipe, shemeji. Huyu ni damu yangu."

"Na ng'ombe walikuwa wa nani?" Sista akamuuliza. "Mlete kwangu, mama. Mimi ndiye niliyewatoa motoni."

"Na aliyesema nishuke moja kwa moja ni nani?" Tumsifu akasema. "Mimi sina ndege tena, Sista. Sina hata mtoto."

Sinyati akawatazama. Aliwapenda wote watatu, na wote watatu alitamani kuwazaba vibao. Alijua pia kwamba wawili kati yao wataondoka wameumia.

Matone ya mvua yakaanza. Mama mkwe akaita kutoka ndani, "Sinyati, mtoto analowa! Mnangoja nini?"

Sinyati akamfunika mtoto uso, akapiga hatua moja mbele. Mikono sita ilikuwa mbele yake.

Je, wewe ungemweka mikononi mwa nani?